Sura ya Sita: Herufi Zitajazo Wingi wa Prosesa

Swali ambalo wasomaji hawachoki kuliuliza, na ambalo mafundi aghalabu hulijibu nusunusu, ni hili. Mtu afungua kompyuta yake yenye mfumo wa Linux, aandika amri fupi ya uname -a ili ajue ana toleo gani, na katikati ya mstari mrefu wa tarakimu na tarehe aona herufi tatu, SMP, zimesimama pasi na maelezo. Mwingine, ambaye ni mtumiaji wa Windows, mashine yamzimikia ghafula kwa kiwambo cha buluu. Akiifungua ripoti ya ajali akuta faili iitwayo ntkrnlmp.exe ndiyo iliyotajwa, naye, kwa kuwa akiitafuta katika diski haioni, aingiwa na shaka kwamba ni kirusi kilichojificha. Wa tatu amenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, ameambiwa ina prosesa nne, na ukurasa mmoja wa mfumo wamwonesha nne ilhali mwingine wamwonesha mbili. Wote watatu, ijapokuwa hawajuani, wauliza jambo moja: mfumo wajuaje mashine ina prosesa ngapi, na majina haya yaashiriayo wingi huo yana ukweli kiasi gani?

Rai yangu, ambayo sura hii itaieleza kwa mapana, ni kwamba chanzo cha utata wote huo ni kuchanganya mambo mawili ambayo hayakupata kuwa kitu kimoja: jina la kiini, ambalo lataja kile ambacho kiini kimejengwa kukiweza, na hesabu ya mashine, ambayo hupatikana kwa kuiuliza mashine yenyewe kila iwashwapo. Jina hutolewa mara moja tu, huko kwa waundaji; hesabu hufanywa upya mezani pako kila siku.

## Sababu ya kukijenga kiini mara mbili

Kiini ni ile programu iliyo ndani kabisa ya mfumo endeshi, ambayo huamka kabla ya programu nyingine zote za mfumo huo, hukaa katika kumbukumbu muda wote mashine iwapo hai, na ambayo kazi yake kubwa ni kugawa: hugawa zamu za prosesa, hugawa nafasi za kumbukumbu, huamua programu ipi isome diski sasa na ipi ingoje. Prosesa nayo ni ile sehemu ya mashine itekelezayo amri moja baada ya moja. Maadamu prosesa ni moja, kiini hakina mshirika katika mamlaka yake. Kikijiwa na shughuli kisiyotaka ivurugwe, huzima kwa muda vikatizo, yaani zile ishara ambazo kibodi, diski na vifaa vinginevyo huzipeleka kwa prosesa kuomba kusikilizwa, kikaimaliza shughuli, kisha kikaviwasha tena.

Zikiwa prosesa mbili, hila hiyo haifai kitu, kwa kuwa kuzima vikatizo upande mmoja hakuizuii prosesa ya upande wa pili kuendelea na kazi yake. Wafikirie makarani wawili wa forodha waandikao katika daftari moja: wa kwanza asoma kwamba jumla ni 100, wa pili naye asoma 100, wa kwanza aongeza 20 na kuandika 120, wa pili aongeza 5 na kuandika 105 juu yake, na zile 20 zimepotea pasi na mwizi. Dawa ya jambo hili ni kufuli, nayo ni alama ndogo iwekwayo katika kumbukumbu, ambayo kila prosesa sharti iishike kabla ya kuigusa hesabu ya pamoja, na iiachie imalizapo.

Lakini kufuli lina gharama. Katika prosesa za ukoo wa Intel zilizoenea katika kompyuta za mezani, amri ya kushika kufuli hutanguliwa na baiti moja ya ziada iishurutishayo prosesa kuhakikisha kwamba hakuna mwenziwe anayepagusa mahali pale pa kumbukumbu wakati uleule, na gharama hiyo hulipwa hata pale ambapo mwenzi hayupo. Enzi ambazo kompyuta nyingi mno zilikuwa na prosesa moja, waundaji hawakuona haki kuwatoza watu wote ushuru wa makufuli wasiyoyahitaji. Kwa hiyo walijenga viini viwili kutokana na maandishi yaleyale: kimoja kisicho na makufuli, kilichofupishwa UP, yaani cha prosesa moja, na kingine chenye makufuli, kilichofupishwa MP, yaani cha prosesa nyingi. Herufi S iongezwayo mbele, ikatoa SMP, yasema kwamba prosesa hizo zina hadhi sawa mbele ya kiini: yoyote yaweza kufanya kazi yoyote ya kiini, na zote zaiona kumbukumbu ileile, tofauti na mitambo mingine ambamo prosesa moja ndiyo iliyokuwa na idhini ya kukiendesha kiini na zilizobaki zilikuwa za kutumwa tu.

Kwa ufupi: viini viwili havikutokana na mifumo miwili tofauti, ni mfumo mmoja uliojengwa mara mbili, mara moja pamoja na makufuli na mara moja bila makufuli, na majina yalihitajika ili watu wavitofautishe.

## Linux na herufi zilizosalia

Linus Torvalds alipoanza kuiandika Linux mjini Helsinki mwaka 1991, aliiandikia mashine aliyokuwa nayo, yenye prosesa moja ya 386, na suala la wingi halikuwamo katika madhumuni yake. Uwezo huo ulikuja na toleo la 2.0, lililotolewa Juni 1996, na sehemu kubwa ya kazi ya awali ilifanywa na Alan Cox wa Uingereza. Ulikuwa uwezo wa kimaskini. Kiini kizima kilikuwa na kufuli moja kubwa, hata prosesa yoyote iliyotaka kuingia ndani yake ilingoja mpaka iliyomo itoke, na mabaki ya kufuli hilo hayakuondolewa yote hadi toleo la 2.6.39, mwaka 2011. Mwenye kukitaka kiini cha namna hiyo wakati ule alifungua faili ya maagizo ya ujenzi, akautafuta mstari uliosema SMP = 1, akauondolea alama iliyoufanya usisomwe, kisha akakijenga kiini upya.

Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno uonalo katika uname. Kiini kinapojengwa, mjenzi hukipiga muhuri wenye namba ya ujenzi, tarehe na saa, na kama makufuli yamo, muhuri huongezwa herufi SMP. Zingatia kwamba muhuri huo hupigwa siku ya ujenzi, katika mashine ya mjenzi, ambayo yamkini iko bara jingine na haina nasaba yoyote na mashine yako. Kuisoma SMP na kudhani kwamba kompyuta yako imehesabiwa ni kulipa neno hilo uzito usio wake.

Wasambazaji wa Linux walilichukua neno hilohilo wakalitia katika majina ya vifurushi vyao. Red Hat walikuwa na kifurushi cha kernel na kando yake kernel-smp. Debian nao waliambatisha -smp mwishoni mwa majina ya viini vyao vya prosesa nyingi. Utaratibu huo ulitosha wakati prosesa mbili zilikuwa fahari ya mashine za maofisini, lakini mnamo Novemba 2002 Intel waliuza prosesa ya Pentium 4 ya 3.06 GHz, ambayo ndani yake prosesa moja ilijionesha mbele ya mfumo kana kwamba ni mbili, na tangu hapo mtu wa kawaida, ambaye hakuwahi kufikiri kwamba ana mashine ya prosesa nyingi, aliweza kukaa na kiini cha UP, nusu ya alichonunua haionekani, wala pasiwepo ilani ya kumzindua.

Ukali wa majina hayo ulionekana zaidi katika moduli. Moduli ni kipande cha kiini kinachopakiwa baadaye kwa ajili ya kifaa fulani, mathalani kadi ya sauti au ya mtandao. Kila moduli ya Linux hubeba mstari wa utambulisho unaotaja toleo la kiini, iwapo kina SMP au hakina, na baadhi ya mambo mengine ya ujenzi wake. Kiini huulinganisha mstari huo na wa kwake, na tofauti ikionekana moduli hukataliwa. Wengi waliona huo ni urasimu mtupu, kwani toleo lilikuwa lilelile kwa kila tarakimu. Wenye kukataa, hata hivyo, walikuwa na hoja. Katika kiini cha UP kufuli halina kitu ndani yake na halichukui nafasi, ilhali katika kiini cha SMP lachukua nafasi halisi katika kila jedwali liwekwamo. Kwa hiyo vitu vyote vilivyo baada ya kufuli husogea, na moduli iliyojengwa kwa mpangilio mmoja ingesoma mahali pasipo pake katika mpangilio wa pili. Jina hapa lilikuwa kinga ya kweli.

Mwaka 2006 ilipatikana njia iliyoyapunguzia majina haya kazi. Kiini cha SMP kiliwekewa fahirisi ya mahali pote palipo na ile baiti ya ushuru. Kiamkapo na kujikuta katika mashine ya prosesa moja, hupitia fahirisi hiyo na kuzifuta baiti zote kwa kuandika mahali pake nyingine isiyo na gharama, na iwapo baadaye prosesa ya pili itaongezwa, huzirejesha. Kiini kimoja kikawa chafaa kote kuwili, na vifurushi vya -smp vikaanza kutoweka. Mwaka 2025 wasimamizi wa sehemu igawayo zamu walikwenda mbele zaidi, wakaamua sehemu hiyo ijengwe daima kwa namna ya prosesa nyingi, hata katika kiini cha prosesa moja. Na bado uname yaandika SMP. Herufi hizo hazitenganishi tena chochote katika kompyuta za kawaida, lakini zipo programu zisomazo mstari huo tangu zamani, na hapana apendaye kuwa wa kwanza kuuvunja.

## Majina ya ukoo wa BSD

Katika mifumo itokanayo na ile ya Chuo Kikuu cha Berkeley, ada ni kwamba kila kiini hujengwa kutokana na faili ya usanidi, yaani orodha ya sifa na vifaa vitakiwavyo, na faili hiyo hupewa jina la herufi kubwa ambalo kiini hulichukua na kulitaja kila kiulizwapo. Faili ya wote yaitwa GENERIC. FreeBSD ilipoanza kutumia prosesa nyingi, katika toleo la 3.0 la Oktoba 1998, jambo hilo halikuwa katika GENERIC. Hata katika matoleo ya 4 mtumiaji alipaswa kuinakili faili hiyo, aipe jina alitakalo, na aiwashe mistari miwili iliyolazwa ndani yake. Ndiyo sababu mafundi wa siku hizo walikuwa na viini vyenye majina ya mashine zao, ya wake zao na ya timu zao za mpira, na mtu wa kando asiweze kujua kwa jina kipi chenye makufuli na kipi kisicho nayo. Baadaye FreeBSD walitoa faili ndogo iitwayo SMP, ambayo maudhui yake yalikuwa mafupi ajabu: iingize GENERIC yote, badili jina, ongeza sifa ya prosesa nyingi. Kufikia toleo la 7.0, mwaka 2008, sifa hiyo ilikuwa imekwisha kuingia katika GENERIC yenyewe.

OpenBSD, ambao walichelewa kuliko FreeBSD, wakalifikia jambo hili katika toleo la 3.6 la mwaka 2004, walichagua jina ambalo naona ndilo bora katika yote yaliyojadiliwa humu: GENERIC.MP. Asomaye aona mara moja kwamba ni GENERIC pamoja na nyongeza moja, na nyongeza yenyewe ni ipi. Faili ya kiini chenyewe yaitwa bsd.mp, na ile ya prosesa moja bsd. Programu ya kusakinisha mfumo huzihesabu prosesa, na zikizidi moja huiweka bsd.mp katika nafasi ya bsd, huku ile nyingine ikihifadhiwa kwa jina la bsd.sp, ili mwenye mashine apate pa kukimbilia kiini kikubwa kikigoma. Mmojawapo wa mistari ya mwanzo ambayo mfumo huu huiandika uamkapo hutaja GENERIC.MP kwa wazi, na atumaye taarifa ya hitilafu kwa waundaji haulizwi tena ana kiini gani.

Hata hivyo jina la namna hiyo lina mpaka wake. Majirani zao wa NetBSD walipata kuwa na kiini kilichoitwa GENERIC.MPACPI, kwa kuwa sifa zilizokuwa za hiari zilikuwa mbili, prosesa nyingi na ACPI, ambayo tutaifikia mbele. Na asiye mwanahesabu aweza kuona mara moja kwamba sifa mbili za hiari zaleta viini vinne, na tatu zaleta vinane, kila kimoja chadai jina lake, kifurushi chake na mtu wa kukijaribu.

## Kile kisichoonekana katika diski

Hilo ndilo lililowapata Microsoft. Katika Windows 2000 na Windows XP za biti 32, mbali na suala la prosesa, palikuwa na suala la PAE, ambayo ni mbinu ya kuiwezesha prosesa kufikia kumbukumbu iliyo zaidi ya GB 4. Mambo mawili, viini vinne:

- ntoskrnl.exe, cha prosesa moja, bila PAE;
- ntkrnlmp.exe, cha prosesa nyingi, bila PAE;
- ntkrnlpa.exe, cha prosesa moja, pamoja na PAE;
- ntkrpamp.exe, cha prosesa nyingi, pamoja na PAE.

Kila jina lina herufi 8 kabla ya nukta, kwa kufuata kanuni ya kale ya majina ya faili, na ndiyo maana la mwisho limebanwa hata halitamkiki. Ajabu yenyewe yaanzia hapa: programu ya kusakinisha ilipokwisha kuchagua kiini kifaacho, haikukiacha na jina lake. Kile cha ntkrnlmp.exe kiliwekwa katika diski kwa jina la ntoskrnl.exe, na kile cha ntkrpamp.exe kwa jina la ntkrnlpa.exe, ili sehemu nyingine za mfumo zipate kuvitafuta kwa jina moja katika kila mashine. Jina la asili lilibaki limeandikwa ndani ya faili, katika maelezo yake, na zana za kuchunguza ajali hulisoma hilo la ndani.

Basi yule aliyeshuku kirusi apate jibu lake. Faili aitafutayo ipo, ila yavaa jina la ntoskrnl.exe, na kutajwa kwake katika ripoti hakumaanishi kwamba kiini ndicho chenye taksiri, kwa kuwa aghalabu kosa limefanywa na programu ya kuendesha kifaa fulani, kama kadi ya picha au ya mtandao, na kiini ndicho kilichokuwa kazini kosa lilipogundulika. Tangu Windows Vista kiini cha prosesa moja hakitolewi tena, hivyo MP katika jina hilo haimtofautishi mtu na jirani yake.

Palikuwa na tabaka jingine lililosumbua zaidi, nalo ni lile la HAL, sehemu isimamayo kati ya kiini na vyuma vya mashine. Nalo lilikuwa na matoleo kadhaa yaliyosakinishwa kwa jina moja la hal.dll: halaacpi.dll lilikuwa la prosesa moja na halmacpi.dll la prosesa nyingi, tofauti ya herufi moja. Aliyesakinisha XP katika mashine ya prosesa moja, kisha akaongeza ya pili, alibaki akiona katika orodha ya vifaa maneno ACPI Uniprocessor PC, yaani mashine ya prosesa moja, mpaka abadilishe tabaka hilo, kazi ambayo ikikosewa mashine haikuwaka tena. Kwa maoni yangu huu ndio mfano mbaya kuliko yote: jina la kweli limefichwa, jina la wote limewekwa juu yake, na mwenye mali aachiwa kukisia.

## Mashine yajitambulishaje

Tumeyasema ya majina. Sasa tuje kwenye hesabu. Kompyuta iwashwapo, prosesa moja tu ndiyo huanza kazi, na zilizobaki hulala mpaka ziamshwe. Kiini, ambacho kinaendeshwa na hiyo moja, hakina namna ya kuziona zile nyingine kwa kutazama. Sharti kisome hati ambayo programu ya msingi ya ubao mama imeiacha katika kumbukumbu. Mwaka 1994 Intel walichapisha kanuni ya jinsi hati hiyo itakavyoandikwa, na toleo lake la 1.4 ndilo lililodumu.

Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kiini huanza kwa kupekua sehemu chache maalumu za kumbukumbu ya chini kikitafuta alama ya herufi nne, _MP_, ambayo ni mwanzo wa kipande cha baiti 16. Kipande hicho kina njia mbili za kujibu. Ya kwanza ni ya mkato: baiti moja yaweza kuwa na tarakimu kuanzia 1 hadi 7, na kila tarakimu yataja umbile moja la mashine lililokubaliwa mapema, ambapo katika yote prosesa ni mbili na tofauti ni aina ya njia za kuunganishia vifaa. Njia ya pili, ambayo ndiyo iliyokuja kutumika zaidi, ni kuacha baiti hiyo iwe sifuri na kutoa anwani ya jedwali kubwa lenye alama PCMP, ambamo mtengenezaji huandika jina lake kwa herufi 8, jina la bidhaa kwa herufi 12, kisha prosesa moja baada ya nyingine. Majedwali ya ACPI, yaliyoanzishwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, yalikuja kuirithi kazi hiyo. Humo orodha ya prosesa imo katika jedwali ambalo alama yake ni APIC.

Kiini kikiisha kusoma, huziamsha prosesa moja moja kwa ishara maalumu. Si kila iliyoandikwa huitikia, wala si kila iliyoandikwa ipo, kwa maana watengenezaji huandika katika jedwali nafasi zilizo tupu au zilizofungwa. Linux kwa sababu hiyo haina idadi moja ya prosesa. Inazo tatu, na kila moja yaweza kusomwa katika faili yake chini ya /sys/devices/system/cpu:

- possible: zile ambazo kiini kimejiandaa kuzipokea, zikiwamo zitakazoweza kuchomekwa baadaye;
- present: zile zilizopo katika mashine sasa;
- online: zile ambazo zimeamshwa na zafanya kazi.

Mtu akisema mfumo umekosea hesabu, swali la kwanza la kumwuliza ni hesabu ipi kati ya hizo. Fauka ya hayo upo ukomo uwekwao siku ya ujenzi, uitwao NR_CPUS, ambao katika kompyuta za kawaida za biti 64 waweza kufikishwa 8192. Kiini kilichojengwa kwa ukomo wa 4 hakitaonesha ya tano hata ikiwapo.

## Kore, nyuzi na simu ya mkononi

Yule mnunuzi wa kompyuta iliyotumika hakudanganywa, wala hakuambiwa kweli yote. Neno prosesa limekwisha kubeba maana tatu. Kuna soketi, yaani tundu la ubao mama ambamo bamba zima huchomekwa. Kuna kore, yaani mtekelezaji kamili wa amri, na bamba moja laweza kuwa nazo nyingi. Na kuna uzi, ambao ni ile hila ya Intel ya mwaka 2002 ya kuifanya kore moja ijioneshe kuwa mbili kwa kuzitumia nafasi ambazo vinginevyo zingekaa bure. Kore mbili zenye nyuzi mbili kila moja ni prosesa nne kwa ulimi wa muuzaji na ni mbili kwa ulimi wa mhandisi. Kiini huzipa zote namba kwa mfuatano, cpu0, cpu1 na kuendelea, lakini namba hizo hazielezi nani anakaa na nani: cpu0 na cpu1 katika mashine moja ni nyuzi za kore moja, na katika nyingine ni kore mbalimbali. Amri ya lscpu ndiyo iyafafanuayo kwa mistari yake mitatu, nyuzi kwa kila kore, kore kwa kila soketi, na soketi.

Katika simu mambo yako vingine. Simu nyingi za Android zisifiwazo kwa kore nane zina kore za aina mbili, kubwa za kasi na ndogo za kuokoa betri, kwa mpango ambao kampuni ya ARM iliutangaza mwaka 2011. Simu hizi kwa kawaida hazina majedwali ya Intel. Kiini hupewa hati nyingine, iitwayo mti wa vifaa, ambamo kila kore imetajwa kwa aina yake, mathalani arm,cortex-a53, ili kigawa zamu kijue kazi nzito kizipeleke wapi. Na kiini cha simu hiyo ukikiuliza jina chajibu SMP, yaani prosesa zenye usawa, ilhali kasi zake zatofautiana waziwazi. Hakisemi uongo: usawa unaotajwa ni wa idhini ya kukiendesha kiini na kuifikia kumbukumbu.

Linalobaki ni la wenye kukodi mashine. Mashine pepe, yaani kompyuta ambayo ni programu ndani ya kompyuta kubwa zaidi, husomewa majedwali yaleyale ya ACPI, ila yameandikwa na programu inayoisimamia, na kiini huyapokea kwa imani ileile. Kiini kikitaka kujua kama kiko ndani ya mashine pepe huiuliza prosesa, nayo, msimamizi akiwa hakukataza, hujibu kwa jina la herufi zisizozidi 12, kama vile KVMKVMKVM au VMwareVMware. Lakini kujua msimamizi ni nani hakumwambii mtu amepewa nini, kwa sababu prosesa moja ya kukodi aghalabu ni uzi mmoja tu wa kore. Aliyelipia prosesa mbili za namna hiyo, akiandika lscpu na kukuta nyuzi 2 kwa kore na kore 1 kwa soketi, amejua kwamba amepewa kore moja tu. Akikuta kinyume chake asiridhike upesi, kwani msimamizi ana hiari ya kulificha umbile la kweli, na njia iliyosalia ni kupima, aendeshe hesabu nzito moja na kuandika muda wake, kisha aendeshe mbili kwa pamoja wakati ambapo mashine haina shughuli nyingine, na atazame kama muda umebaki ule ule au umekaribia maradufu.